Kumtetea wakili aliyeshtakiwa na mteja wake

Nchini Kenya, abiria aliyeumia kwenye ajali ya matatu ana miaka 3 ya kufungua kesi ya fidia. Wakili wake akiipitisha tarehe hiyo, hakuna jaji wa kumwokoa: muda huongezwa pale majeruhi mwenyewe hakujua mambo ya msingi kuhusu dai lake, na usahaulifu wa wakili haumo. Basi mteja humgeukia wakili, na akimshtaki kwa kuvunja mkataba ana miaka 6.

Wengi huona kesi ya namna hii haina utetezi. Wanakosea sana. Mteja bado anapaswa kuthibitisha kwamba kesi iliyopotea ilikuwa na thamani, kwa hiyo mtetezi huichunguza ajali upya: abstrakti ya polisi (muhtasari wao wa ajali), fomu ya P3 (ya polisi, ambayo daktari hujaza majeraha), kadi za hospitali, jina la mmiliki wa gari. Je, majeruhi alikuwa akining'inia mlangoni? Akibebeshwa asilimia 30 ya lawama, fidia inapungua kwa kiasi hicho hicho. Kisha kuna swali ambalo mawakili wengi hawaliulizi: pesa zingelipwa na nani? Bima ya lazima ya gari ina ukomo wa shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Hukumu ya milioni 8 dhidi ya mmiliki asiye na mali haimpi mteja milioni 8.

Mahakama ya Juu ya Uingereza ililikazia jambo hili mwaka 2019 katika Perry dhidi ya Raleys. Mchimba makaa alidai mawakili hawakumshauri kudai gharama za kusaidiwa kazi za nyumbani kwa sababu ya vidole vilivyoharibiwa na mitetemo ya mashine. Jaji aliyemsikiliza hakuamini kwamba alihitaji msaada huo, na mawakili wakashinda. Jambo ambalo mteja anadai yeye mwenyewe angelifanya kama angeshauriwa vizuri, lazima athibitishe kwamba yaelekea zaidi angelifanya kuliko kutolifanya. Haitoshi kusema alipoteza nafasi.

Kinachowaangusha mawakili ni wanachofanya siku chache baada ya barua ya madai ya mteja kufika. Kawaida bima ya kitaaluma, inayomkinga wakili dhidi ya makosa ya kazi yake, hulipia madai yaliyotolewa na kuripotiwa ndani ya kipindi cha bima. Barua ikikaa kwenye droo hadi bima ihuishwe, kampuni ya zamani itasema imechelewa kuarifiwa na mpya itasema ilifichwa habari. Ripoti kwa bima kwanza, usijibu, usikiri, usiahidi kulipa.

Faili nayo isiguswe. Kumbukumbu ya kikao iliyoandikwa leo na kupewa tarehe ya zamani itaumbuliwa na kompyuta yenyewe, na uzembe utageuka kuwa udanganyifu, ambao bima haiulipii.

Mteja anaweza pia kulalamika kwa Kamisheni ya Malalamiko ya Mawakili huku kesi ikiendelea. Majibu ya huko yapitiwe na wakili yule yule anayeendesha utetezi mahakamani, kabla hayajatumwa.