Wageni wakiamka, maji yawe yamechemka

Saa kumi na moja alfajiri. Mwezi wa saba huku Usambara ukungu unalala mpaka kizingitini, na anayetoka nje bila koti ni mgeni. Natunza nyumba moja ya zamani karibu na Lushoto, njia ya kwenda Magamba: vyumba vitatu, kuta za mawe, bati jekundu na dohani. Kazi nimeipokea kwa baba. Umeme hakuna. Mwenye nyumba anasema wageni wanalipia giza, na kweli wanalipa.

Naanza na pipa. Nyuma ya jiko kuna pipa la mafuta la lita 200, limelazwa na kujengewa matofali. Maji baridi yanaingia kwa chini kutoka kwenye tangi lililo mlimani; ya moto, kwa kuwa hupanda, yanatoka kwa juu hadi bafuni. Moto unawaka tumboni mwa matofali. Kazi yote iko kwenye kuni. Mwati uliokauka unawaka vizuri na makaa yake yanakaa. Ukinipa mkaratusi mbichi, utakuwa umenipa moshi na machozi. Kwa hiyo kuni za leo nilizipasua mwezi wa nne, nikazipanga chini ya upenu.

Saa moja na nusu. Familia kutoka Dar imeamka. Mtoto wao wa kiume, wa miaka tisa hivi, amejifunga blanketi kama mgolole.

"Shikamoo anko. Swichi ya hita iko wapi?"

"Marahaba. Njoo nikuoneshe."

Alisimama mbele ya pipa muda mrefu. Chai ikapoa mezani.

Saa tatu, bodaboda hadi sokoni: viazi, karoti, njegere. Mama yao alitaka plamsi. Nikamwambia arudi mwishoni mwa mwaka.

Saa tano wameondoka kwenda Irente, kwenye lile jabali ambalo ukisimama unaona Mazinde na mashamba ya mkonge chini kabisa. Nabaki na nyumba. Nazoa majivu na kuyapeleka kwenye matuta ya sukuma, naanika mablanketi, napaka nta sakafu ya mbao. Ubao mmoja wa koridoni unalia ukikanyagwa. Niliwahi kuupigilia misumari, wageni waliozoea kuja wakalalamika.

Wote huuliza kama nyumba ni ya Mjerumani, kwa sababu zamani zake Lushoto iliitwa Wilhelmstal. Baba aliniambia hii ilijengwa baadaye, wakati wa Mwingereza, na ndivyo ninavyojibu. Naona wanavyonywea kidogo.

Saa kumi, moto wa sebuleni. Mwezi uliopita niliuwasha, moshi wote ukarudi ndani, wageni wakakimbilia barazani wakikohoa. Ndege alikuwa amejenga kiota ndani ya dohani. Siku hizi, kabla ya kuwasha, nachoma karatasi moja na kutazama moshi unaelekea wapi.

Saa kumi na mbili kasoro nakata tambi za chemli na kufuta vioo kwa gazeti. Kioo kikiwa na masizi, hata ujaze mafuta ya taa namna gani, hupati mwanga.

Saa mbili usiku. Wamekula, wamenyoosha miguu motoni. Simu zimezimika chaji, baba yao anawasimulia hadithi za sungura, na kila mara anakosea mwisho.

"Kijana," akaniambia, "huku una raha. Huna presha ya kazi."

Nilikuwa nimekumbatia magogo ya usiku. Nikayaweka chini taratibu, nikamwitikia, "Ndiyo, mzee."

Nikiwa natoka, yule mtoto akanifuata mpaka mlangoni.

"Anko, kesho nataka niwashe mimi pipa."

"Sawa. Saa kumi na moja."

"Ya jioni?"