Ninavyopima kasi ya vichwa vya treni za modeli

Kichwa cha treni cha modeli cha skeli ya HO (kidogo mara 87 kuliko cha kweli) kikimaliza mita moja ya reli kwa sekunde 1.57, kinakwenda sawa na kilomita 200 kwa saa za treni ya kweli. Kikitumia sekunde 3.9, ni kilomita 80 kwa saa. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kichwa cha umeme cha Kijerumani cha daraja la 103, kilichoundwa kwa treni za haraka za abiria, na kichwa cha mvuke cha daraja la 50, cha mizigo. Modeli za vichwa hivyo zikitoka kwenye boksi na kupewa volti sawa, mara nyingi haziheshimu tofauti hiyo, na kwa kutazama tu huwezi kujua zimekosea kiasi gani. Lazima upime.

Hesabu yenyewe ni fupi. Umbali ndio unaokuzwa kwa skeli, muda haukuzwi. Wapo wanaoendesha ratiba kwa saa inayokimbia kuliko ya kawaida, lakini saa hiyo haihusiki hapa kabisa: sekunde ya mezani ni sekunde ileile ya reli ya kweli. Gawa sentimita kwa sekunde, zidisha kwa 0.036, kisha zidisha kwa namba ya skeli. Kwa HO (1:87) kila sentimita moja kwa sekunde ni kilomita 3.13 kwa saa, na kwa skeli ya N (1:160) ni 5.76.

Sipendi kushika kikokotoo kila treni inapopita, kwa hiyo napanga urefu wa kipande cha kupimia ili hesabu ibaki mgawanyo mmoja. HO nakata sentimita 159.6, skeli ya OO (1:76.2) sentimita 182.3, na N sentimita 86.8. Kwa urefu huo, 500 gawa kwa sekunde ulizopata ndiyo kasi kwa kilomita kwa saa. Sekunde 12.5 ni kilomita 40, sekunde 6.25 ni 80. Modeli za N za Uingereza ni 1:148, hivyo kipande chake ni sentimita 93.8, ukizipima kwa kile cha 1:160 namba zako zote zitazidi kwa asilimia 8.

Kipande kiwe kimenyooka na kiwe sawa. Naweka pima maji juu ya reli zote mbili, kwa urefu na kwa upana. Kabla ya alama ya kwanza naacha angalau mita moja ya kukimbilia, ili kasi iwe imetulia kichwa kinapofika. Umeme nauingiza pande zote mbili za kipande, kwa sababu viungio vya reli hula volti, na kwenye mfumo wa DC, ambapo volti ya reli ndiyo inayoamua kasi, hilo linaonekana wazi: kichwa kinaingia na kasi moja na kutoka na nyingine. Reli na magurudumu visafishwe kwanza. Asiye na nafasi ya mstari mrefu anaweza kutumia duara. La nusu kipenyo cha milimita 457 lina mzunguko wa sentimita 287, na kwa HO kasi ni 900 gawa kwa sekunde za mzunguko mmoja. Ila kona huongeza msuguano, hasa kwa vichwa vya mvuke vyenye magurudumu mengi yaliyoshikana, kwa hiyo namba ya duara nailinganisha na namba nyingine za duara tu.

Saa ya kupimia muda inayobonyezwa kwa kidole inatosha kwa mwendo wa pole. Kidole kikichelewa au kuwahi kwa sekunde 0.2, kwenye kilomita 20 kwa saa hakuna anayejali. Kwenye kilomita 200 mambo ni mengine: kipande cha HO kinapitwa kwa sekunde 2.5, na kosa hilohilo linakupa jibu lolote kati ya 185 na 217.

Video ya simu ni hatua nzuri ya kati, mradi alama ziwe kati ya reli, si nyuma yake. Ukiegemeza rula sentimita 5 nyuma ya reli na simu ikawa mita moja mbele, kichwa kinachoonekana kimepita sentimita 100 za rula kimetembea sentimita 95 tu. Namba inazidi karibu asilimia 5 na hakuna kitu kwenye video kitakachokuonya. Mimi nachora mstari mweupe juu ya taruma na kuangalia gurudumu la mbele linapoufikia. Pia nasoma muda ulioandikwa kwenye video badala ya kuhesabu picha, maana simu nyingi hupunguza idadi ya picha kwa sekunde mwanga ukiwa hafifu.

Kinachonipa namba ninazoziamini ni vihisi viwili na Arduino, kompyuta ndogo ya bodi moja unayoiandikia programu. Natumia TCRT5000, kihisi kidogo kinachotuma mwanga wa infraredi na kusoma unaorudi. Kinakaa kati ya mataruma, uso wake chini kidogo ya sehemu ya juu ya reli ili kisiguswe na gia. Kinaona vizuri zaidi kitu kilicho umbali wa milimita 2.5 hivi, na kikishapita sentimita moja na nusu hakitegemeki. Tatizo lake kubwa ni kwamba tumbo la kichwa cha treni kwa kawaida ni jeusi lisilong'aa, wakati ekseli na gia zinang'aa. Kihisi cha kwanza kinaweza kushtuliwa na ekseli ya mbele, cha pili kikaikosa na kushtuliwa na ekseli inayofuata, na hapo umepima umbali ambao haupo. Dawa ni kubandika karatasi nyeupe yenye upana wa milimita 5 chini ya kichwa, mbele ya ekseli ya kwanza kwa mwelekeo unaopima, kisha programu ipuuze ishara zote za kihisi cha kwanza baada ya ile ya mwanzo hadi cha pili kijibu. Jua la dirishani nalo lina infraredi nyingi. Ukiona namba zinarukaruka mchana na kutulia usiku, funika kipande kwa boksi la karatasi ngumu.

Umbali kati ya vihisi siusomi kwa kupima kati ya vifaa vyenyewe. Kila kihisi hushtuka mahali pake, milimita moja au mbili kabla au baada ya kati. Nachukua behewa lenye karatasi nyeupe ileile kwa kimo kilekile, nalisukuma taratibu sana kwa kidole hadi taa ya Arduino iwake, halafu naweka alama ya penseli yenye ncha kali ubavuni mwa reli, chini ya ukingo wa mbele wa behewa. Kwenye kihisi cha pili nafanya vivyo hivyo. Umbali kati ya alama hizo mbili za penseli ndio unaoingia kwenye programu, na upande wa kurudi naupima peke yake. Nimechagua behewa kwa sababu vichwa vingi vya modeli vina gia ya skrubu, ambayo haizunguki ukiisukuma kutoka kwenye magurudumu. Vihisi vikiwa sentimita 50 mbali, kosa la milimita 2 ni asilimia 0.4. Vikiwa sentimita 10 ni asilimia 2, ndiyo maana sivikaribishi.

Kabla ya kuandika namba yoyote kichwa kizunguke dakika 10 hadi 15 kila upande. Grisi baridi ni nzito, na mota ikipata joto kasi inabadilika. Kwenye DCC, mfumo wa kidijitali ambapo dekoda (saketi ndogo ndani ya kichwa) hupokea amri na kuendesha mota, naweka CV3 na CV4 (CV ni mipangilio ya dekoda yenye namba) kuwa 0 ili kusiwe na kuchelewa kuongeza au kupunguza mwendo, huku nikiwa nimeandika thamani za zamani pembeni. Kila hatua ya kasi ya kidhibiti napitisha mara tatu na kuchukua namba ya kati, kwanza kichwa kitupu, halafu na mabehewa.

Namba zikishapatikana, marekebisho yanaanzia CV5, inayoweka kasi ya juu kabisa. Tuseme kichwa cha daraja la 50 kinafika kilomita 150 kwa saa CV5 ikiwa 255. Uwiano wa kawaida unasema 136 itatoa kilomita 80. Mimi naanzia hapo lakini napima upya, kwa sababu mota haianzi kuzunguka kwenye volti sifuri: kwa dekoda isiyo na udhibiti wa mzigo (uwezo wa kushikilia kasi mzigo ukibadilika), 136 kwa kawaida inatoa chini ya 80. Baada ya hapo CV2 kwa mwendo wa kuanzia, na CV6 kwa katikati.

Vichwa viwili vinavyovuta pamoja vinahitaji jedwali la hatua 28, CV67 hadi CV94, ambalo kila hatua ya kasi hupewa thamani yake. Kinachokwenda polepole zaidi ndicho kiwe kipimo, maana cha haraka unaweza kukipunguza ila cha polepole huwezi kukiongeza zaidi ya uwezo wake. Jedwali halitasomwa hadi uongeze 16 kwenye CV29, yaani 6 inakuwa 22, au 38 inakuwa 54 kwa kichwa chenye anwani ndefu (namba ndefu ya kukiita kwenye DCC). Tofauti ya mbele na nyuma inasawazishwa kwa CV66 na CV95, kwa dekoda zinazozitambua. Kisha naviweka reli moja bila kuviunganisha, sentimita 30 kati yao, na kuvipa hatua ileile ya kasi. Pengo likibaki lilelile kwa mizunguko kadhaa, naviunganisha. Likipungua kwenye mlima tu na kurudi kwenye tambarare, jedwali liko sawa. Cha kuangalia ni udhibiti wa mzigo wa dekoda ya kile cha mbele.