Mwaka tulioamua kumwingiza binti yetu kwenye dansi ya mashindano

Barua ya studio ilikuja mwezi wa tano, binti yangu akiwa na miaka tisa. Walimu walitaka afanye majaribio ya timu ya mashindano. Mpaka siku hiyo alikuwa akicheza Jumamosi tu, saa moja ya balei na saa moja ya jazi, tukitoka hapo tunapitia dukani tunarudi nyumbani. Tunaishi Houston. Mimi na baba yake ni watu wa Tanga, na kabla ya mtoto huyu hakuna kati yetu aliyewahi kukanyaga studio ya dansi.

Nikampigia mama. Nilidhani ataulizia mavazi. Yeye akauliza, "Ngoma ya mashindano? Mwanangu, unazijua ngoma za mashindano?" Akanisimulia habari za bibi yake aliyekuwa kwenye chama cha lelemama, ngoma ya wanawake wa pwani, na za beni za zamani, zile ngoma za kuiga bendi za jeshi, na vyama vyake viwili vilivyoshindana, Marini na Arinoti, hawa wakichinja ng'ombe mmoja wenzao wanachinja wawili, mpaka wanawake wakauza dhahabu zao ili chama chao kisionekane kimeshindwa. "Kucheza atacheza tu," mama akasema. "Nyinyi wazazi, mtajua pa kuishia?"

Swali hilo sikulala nalo vizuri.

Kesho yake tulichukua karatasi. Barua ilitaja ada ya mwezi tu, dola 310, kwa miezi kumi. Ilibidi niende kumuuliza mama mmoja mwenye mtoto kwenye timu ndipo nikayajua mengine. Ada ya kuingia shindano hulipwa kwa kila dansi na kwa kila mtoto: dansi nne, mashindano manne, dola 65 kila mara, hiyo peke yake ni dola 1,040. Mavazi manne dola 480. Hoteli kwa mashindano mawili ya mbali dola 640. Semina ya walimu wageni dola 290. Viatu, koti la timu na vipodozi dola 350. Jumla dola 5,900, na hapo hajacheza peke yake jukwaani. Mzazi anayefikiria jambo hili, naomba aandike hesabu hiyo kabla mtoto hajaenda kwenye majaribio. Mtoto akishachaguliwa, akishapigiwa makofi, ni vigumu mno kumwambia hapana.

Kisha muda. Madaktari wa michezo ya watoto wana kipimo chepesi: saa za mazoezi kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Wa miaka tisa, saa tisa. American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, kinashauri pia siku moja au mbili za kupumzika kila wiki. Timu ilidai saa nane. Mwalimu alipopendekeza acheze na peke yake, ziliongezeka mbili, zikawa kumi. Hapo tulikataa, na nilimweleza sababu kwa adabu. Jumapili ikabaki ya madrasa.

Ila fedha na saa hazikuniambia kama mtoto mwenyewe analitaka jambo hili. Nilipomuuliza alijibu "ndiyo" haraka, kama anavyojibu ukimuuliza kama anataka aiskrimu. Basi tukampeleka kwanza mazoezi ya likizo ya wiki mbili pamoja na watoto wa timu. Nilikaa nyuma ya kioo. Siku ya nne mwalimu alimsimamisha mbele ya wenzake kwa sababu mkono wake wa kushoto ulikuwa unashuka akizunguka, akamrudisha peke yake mara saba. Niliona kidevu kinatetemeka. Garini nilinyamaza makusudi. Tulipofika taa za pili akasema, "Mama, mkono unaanguka kabla sijageuka. Ndiyo maana nayumba." Usiku nikasikia miguu jikoni. Nilimkuta na soksi, ameshika mpini wa friji, anazunguka, anasimama, anautazama mkono wake, anarudia tena. Hakujua kuwa nipo mlangoni. Nilirudi chumbani nikamwambia baba yake, huyu anaipenda kazi yenyewe.

Kabla ya kutia saini tulikwenda shindano moja kama watazamaji, na nashukuru tulikwenda. Nilijifunza kwamba hapo karibu kila dansi hupewa tuzo, na "dhahabu" si ya kwanza. Juu yake kuna ngazi nyingine mbili au tatu. Kwenye korido msichana mkubwa kidogo kuliko wangu alikuwa analia na utepe wa dhahabu mkononi, mama yake anamwambia afute uso kabla ya picha. Binti yangu alimtazama muda mrefu. Tuliongea habari hiyo njia nzima kurudi nyumbani.

Mavazi nilizungumza na mwalimu mapema, kabla hayajaagizwa. Alikubali soksi ndefu za rangi ya ngozi yake, kahawia, si zile za waridi, na kipande cha kitambaa kufunika tumbo. Ukingoja mpaka maboksi yafike utaambiwa haiwezekani.

Mwezi wa pili kisigino kikaanza kumuuma. Daktari akasema mfupa wa pale bado unakua na unavutwa na mshipa mnene wa nyuma ya mguu; apumzike wiki tatu. Shindano lilikuwa limebaki wiki mbili. Mwalimu akauliza kama hawezi kucheza hata dansi moja. Nilizikumbuka dola zangu 260 za shindano lile, zisizorudishwa, nikahisi ulimi wangu unataka kusema ndiyo. Sauti ya mama ikanijia. Nikasema hapana. Binti yangu alikaa pembeni amevaa koti la timu, akawashikia wenzake chupa za maji.

Mwezi wa nne alicheza zote nne. Tulimtumia mama video. Akaitazama mpaka mwisho, akauliza, "Wamemtunza?" Nikamweleza kuwa huku watu hawapandi jukwaani kutunza, wanapiga makofi tu. Akanyamaza, kisha akasema nimpe mtoto simu amtunze mwenyewe kwa maneno.

Barua ya mwaka huu imeshafika. Iko juu ya friji, na karatasi ya hesabu iko chini yake.