Nilivyofungua fimbo ya farasi, baada ya kuvunja ile ya pombe

Aliyenishauri nitie mafuta ya taa kwenye fimbo ya kale iliyokwama, kisha niivute "kama mwanaume", yuko hapa hapa Lubumbashi. Tunasalimiana vizuri tu. Hajui kwamba vioo vya ile fimbo nimevihifadhi kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, na kila nikimwona natamani kumpelekea lile kopo na kijiko.

Mimi ni fundi wa vyerehani, Kamalondo. Resori, hesi na vyuma vidogo ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nilipoanza kukusanya fimbo zenye siri ndani nilijiona nimezaliwa kwa ajili hiyo. Wafaransa huziita canne à système. Karne ya 19 kule Ulaya, mwanaume wa heshima hakutoka nyumbani bila fimbo, na kwa vile fimbo ilishinda mkononi mwake kutwa nzima, mafundi walianza kuficha humo kila walichoweza: upanga, mwavuli, kiko, mshumaa, filimbi, hata fidla pamoja na upinde wake. Madaktari waliweka vichupa vya dawa. Marekani, Remington walitengeneza fimbo-bunduki kwa hataza ya mwaka 1858. Mchoraji Toulouse-Lautrec, yule wa miguu mifupi, alitembea na fimbo yenye pombe ndani, akafa 1901 na miaka 36, kwa hiyo tuseme fimbo haikumsaidia sana. Mimi bunduki sigusi wala upanga sibebi. Jaribu kumweleza askari kwenye kizuizi, saa mbili usiku, kwamba ule upanga ni sanaa ya kale.

Ninazo tano. Najua wako watu Ulaya wenye mamia. Mimi ninazo tano, na moja kati ya hizo tano ni feki.

Hiyo feki ndiyo ya kwanza, niliinunua soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, si ile nchi. Kijana aliniona naishikashika, akajua amepata mgonjwa.

"Patroni, hii njo fimbo ya Leopold. Mwenyewe alikuwa anatembea nayo humu mu Lubumbashi."

Nikatoa kama dola 40 na kitu, pamoja na franga za kijana mwingine ambaye kazi yake ilikuwa kusimama pembeni na kutikisa kichwa. Kichwa cha fimbo kilikuwa cha farasi, shaba njano inayong'aa, na ndani kulikuwa na kichupa. Nikaenda nayo nyumbani nikichechemea kidogo kwa makusudi. Mpwa wangu anayesoma historia aliicheka mpaka akakaa chini. Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, hakuwahi kukanyaga Kongo hata siku moja, na alikufa Desemba 1909. Mji wetu umeanzishwa 1910, tena mwanzoni ulipewa jina la Elisabeth, mke wa mfalme aliyemfuata.

Sasa naweza kuitambua feki nikiwa ng'ambo ya barabara. Nyingi hufunguka vipande vitatu kwa hesi, ili ziingie kwenye boksi. Zinanukia vanishi. Lakini usiangalie kichwa, kichwa ndicho walichokitengeneza ili ukiangalie. Geuza fimbo, angalia ile kofia ya chuma ya nchani. Mtu anayetembea hachomeki fimbo wima kama mwiko kwenye bukari, huitanguliza kidogo mbele, kwa hiyo kofia ya kweli imelika upande mmoja. Ile ya Leopold ilikuwa mviringo mtupu. Huyo mfalme alitembea hewani.

Ya pili ndiyo ya kilio. Niliipata kwa familia ya mzee aliyekuwa mpishi wa mzungu mmoja, mfanyabiashara aliyeondoka baada ya Mobutu kutangaza zaïrianisation mwaka 1973, yaani biashara za wageni kuchukuliwa na kupewa Wazaire. Henzerani safi, rangi ya chai ya rangi, na kitasa cha fedha kinachojaa kiganja. Nikaweka lenzi yangu ya kazini jichoni, nikaona kwenye ukingo wa kitasa kichwa kidogo cha Minerva, mungu wa kike wa Warumi, na kofia yake ya vita. Hiyo ni alama ya fedha ya Ufaransa tangu 1838. Mikono ilitetemeka. Mwenye mali alitaka bei ya mbuzi, nikatoa bei ya mbuzi.

Kujua kwamba ina siri si kazi. Shika fimbo ikining'inia, gonga polepole kwa sarafu kuanzia juu hadi chini, usikilize. Mti uliojaa hujibu kwa kifupi. Penye tundu, sauti inakuwa ndefu. Yangu iliimba kuanzia shingoni hadi karibu nusu, halafu ikanyamaza.

Lakini haikufunguka. Na hapo ndipo nilipomsikiliza bwana wa mafuta ya taa. Tulimimina shingoni, tukaiacha usiku kucha, na asubuhi henzerani ilikuwa imepata doa jeusi ambalo halijatoka mpaka leo. "Inaanza kulegea," akasema. Tukaifunga kwenye eto, ile jiriwa ya mezani, tukaizungushia kitambaa kwanza, maana sisi ni watu waangalifu. Yeye akashika kitasa kwa mikono miwili, akaweka mguu kwenye meza. Mimi nikakaza eto kidogo isiteleze. Akavuta. Nikakaza tena kidogo.

Kche.

Sauti ndogo tu, kama mtu amekanyaga ganda la karanga. Tukatazamana. Kisha ikaja harufu, na hii harufu sitaisahau: tamu, nzito, kama keki ya harusi iliyosahauliwa kabatini. Konyaki au kitu cha ukoo wake, kilichokaa humo sijui tangu lini, kikatiririka kwenye eto, kikapita kwenye droo ya bobini. Ndani kulikuwa na mrija wa kioo, urefu kama kuanzia kiwiko hadi kidole, na nilikuwa nimekazia eto juu yake hasa. Baadaye, kitasa kiliposhikwa bila hasira, kilitoka chenyewe. Kilikuwa cha kuzungusha. Mizunguko mitatu na nusu, upande wa kawaida kabisa, kama kifuniko cha chupa. Ndani ya kitasa kulikuwa na kikombe kidogo cha kunywea, kizima, kinaniangalia.

Nikajiwekea sheria siku ile: fimbo huzungushwa, haivutwi. Niliiandika hata ukutani kwa chaki, chini ya bei za kutengeneza overloki.

Ya tatu niliiona Desemba mmoja, Katuba, mvua imekatika. Mama mmoja alikuwa anaangusha maembe nayo. Anaitupa mtini, inarudi na embe, anaiokota kwenye tope, anaitupa tena. Nilisimama nikaangalia inavyoanguka. Fimbo ya kawaida hupinduka hewani, nyepesi. Hii ilishuka na mgongo, kama kitu chenye mfupa. Nikanunua maembe kwanza, ndoo nzima, maana ukionyesha haraka bei inapanda. Halafu nikasema, mama, na hicho kijiti kama hukihitaji? Akanipa kwa pesa ya ndoo nyingine. Mumewe alifoka kwamba sasa maembe ya juu yataanguliwa na nani. Nikawapelekea upondo wa mwanzi kesho yake, haki yao.

Nyumbani niliosha tope. Chini ya shingo kulikuwa na pete nyeusi tii, nikadhani chuma. Nikaisugua kwa kitambaa na unga wa chokaa laini, na tafadhali usitumie ndimu na mchanga kama wanavyosafishia masufuria. Akatokea simba mdogo anatembea, mguu mmoja juu. Kando yake nanga. Simba ni fedha ya Kiingereza, sehemu 925 kati ya 1000, na nanga ni Birmingham, mji ulio mbali na bahari, sijui nani aliwapa nanga. Herufi ya mwaka, ile inayoonyesha fedha ilipigwa muhuri lini, ilikuwa imelika. Kitu cha Kiingereza kufika kwetu si ajabu, reli kutoka kusini, kutoka Rhodesia (leo Zambia na Zimbabwe), ilifika hapa mwaka ule ule wa 1910.

Nikazungusha. Haikusogea. Nikatumia akili: kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, ukikiviringisha kwenye shingo mkono hautelezi wala fedha haichubuki. Nikazungusha kushoto, nikazungusha kulia. Nikaweka kitambaa cha maji ya moto, nikasikia kitu kinasogea, nikapiga kelele za furaha. Kumbe kilichosogea ni gundi ya kale iliyoshikilia mpini, mpini wote ukaanza kucheza kama jino la mtoto. Nikaacha upesi. Ikabidi niitundike kwa kamba chumbani, juu ya kichwa cha kitanda, niwe naiona.

Hapo matatizo yakahamia kwa mke wangu.

"Baba Mireille, mu ile fimbo muko nini?"

"Sijue."

"Haujue, na unailalisha mu chumba yetu?"

Nielezeni mngejibu nini. Fimbo yenye kitu ndani, mwenyewe hajui ni nini, ameitundika juu ya kitanda na usiku huigonga kwa sarafu huku akitega sikio. Mtaani habari zikaenda kwamba fundi cherehani amepata dawa ya utajiri, ingawa paa langu lilikuwa linavuja vile vile. Wiki moja baadaye pasta akaja na wamama wanne wa maombi. Nikamwonyesha ile ya Leopold, nikaifungua, nikatoa kichupa. Akanusa.

"Papa fundi, hii ni nini?"

"Ni kitupu, Pasta."

"Kwa nini mtu afiche kitu kitupu?"

Swali zuri, nakiri. Waliomba saa moja na nusu, wakanywa soda kreti nzima. Hiyo iandikeni kwenye gharama za kukusanya fimbo.

Mjomba wangu, Muluba wa damu, alikuja kuona kituko, akazipima mkononi moja baada ya nyingine. Akanikumbusha kibango, fimbo ya wakubwa wa Kiluba, yenye sura na michoro iliyochongwa juu mpaka chini. Anayejua kuisoma anaona humo ukoo, safari na habari za ufalme. Asiyejua anaona mti. "Bazungu banaficha mu ndani," akasema, "sisi tunaficha pa inje." Halafu akaniomba ile ya Leopold, nikakataa, imeniuma sana kuinunua.

Katikati ya miezi hiyo nililetewa fimbo nyingine yenye mpini mweupe. Nikaangalia kwa lenzi: mistari inayokatana kama kimia cha samaki. Pembe ya ndovu. Mfupa wa ng'ombe huwa na vidoti na vijistari vifupi. Nikamrudishia mwenyewe papo hapo. Biashara hiyo ina sheria zake na magereza yake.

Basi, ikafika Julai. Mnajua Julai yetu: asubuhi baridi ya kuvaa makoti mawili, midomo inapasuka, milango iliyokuwa inakwama tangu Novemba inaanza kufunga vizuri. Mlango wa duka langu ndio ulionifungua macho. Mti uliovimba kwa mvua ulikuwa umesinyaa. Nikaishusha fimbo, nikaweka lenzi jichoni, nikaangalia ukingo wa pete, pale fedha inapokutana na mti. Mikwaruzo ya kuzunguka ilikuwepo, mipya, yote yangu. Chini yake kulikuwa na mikwaruzo mingine, ya zamani, laini, imejaa uchafu wa miaka. Na yote ilikuwa wima. Juu, chini. Juu, chini.

Nikaangalia maandishi yangu ya chaki ukutani. Nikageuka yasinione. Nikavuta.

Haikuhitaji hata nguvu. Ilitoka kwa sauti kama mtu anavuta pumzi, na iliyotoka ilikuwa rula ya mti wa manjano, ya pembe nne, ndani ya tundu la pembe nne. Ndiyo maana haikuzunguka, na laiti ingezunguka ningeivunja kama ile ya pombe. Rula ikapanda, ikapanda. Chini ya mpini, kwenye mfereji mwembamba, kulikuwa kumelala mkono wa shaba njano. Nikauinua kwa ukucha, ukasimama upande kama bawa, na ndani ya huo mkono kulikuwa na kichupa kidogo cha kioo, kizima, na ndani ya kichupa pulizo. Pulizo la hewa, kama la kwenye pimamaji ya fundi mwashi. Nikainamisha fimbo, likakimbia. Nikainyoosha, likarudi katikati. Baada ya kuangusha maembe sijui misimu mingapi!

Ni kipimo cha farasi. Mnunuzi alisimamisha fimbo kando ya mguu wa mbele wa farasi, akavuta rula mpaka ule mkono ukalala juu ya mabega, pale shingo inapoanzia, akahakikisha pulizo liko katikati, akasoma urefu. Namba zake si sentimita, ni "mikono", jinsi Waingereza wanavyopima farasi: mkono mmoja ni inchi nne, kama sentimita 10. Chini ya mikono 14 na inchi 2, kwao huyo ni farasi mdogo, bei nyingine.

Nikapaka nta ya nyuki kwenye rula, kidogo sana, nikafuta. Farasi sina. Nilipima mbuzi wa jirani, akakataa kusimama. Nilipima mlango, cherehani, wateja wawili. Jioni nikampima Mama Mireille: mikono 15 na inchi moja. Nikamweleza kwa furaha kwamba kumbe amevuka kipimo cha farasi mdogo.

Alikaa kimya muda mrefu kidogo. Kisha akaninyang'anya fimbo, akanisukuma ukutani, akanipima mwenyewe, pulizo katikati. Akaenda kuhadithia kwa wamama wa maombi. Sasa wageni wakija ndiye anayeishusha yeye, anawaacha kwanza waizungushe mpaka wachoke.