Kontroli boksi ilikuwa nzima

Probox ililetwa gereji kwetu Igoma, hapa Mwanza, ikivutwa kwa kamba, bado inanuka dagaa wa Mwaloni. Mwenye gari, mama mfanyabiashara, alishaambiwa kwingine kwamba kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa, atafute ya mtumba.

"Fundi, niambie ukweli, nikanunue?"

"Mama, usitoe hela kwanza. Ngoja nipime."

Dalili zilikuwa mbaya kweli. Ukiweka swichi on, taa ya cheki injini haiwaki kabisa. Starta inazungusha vizuri, injini haishiki. Mashine ya kupimia haisomi chochote. Fyuzi nzima, na volti 12 za betri zinafika kwenye soketi ya boksi bila shida.

Wengi huishia hapo, na inaniuma, maana mteja ndiye anayelipa. Ndani ya kontroli boksi, umeme wa betri hushushwa hadi volti 5. Kwenye Toyota nyingi volti hizo hizo ndizo zinazoendesha ubongo wa boksi, na ndizo zinazotoka kwenda kwenye sensa, vile vifaa vinavyoipimia boksi hali ya injini, kupitia waya unaoandikwa VC kwenye michoro. Waya huo ukigusa chuma cha bodi ya gari, volti 5 zinaporomoka, ubongo unazimika, na taa inazimika nao. Boksi isiyo na ubovu inaonekana maiti.

Nikapima VC kwenye soketi ya sensa ya throto, mlango wa hewa ya injini: karibu sifuri. Nikachomoa sensa huku kijana wangu akiangalia dashibodi. Giza. Kama sensa ndiyo ingekuwa imeshoti, taa ingerudi hapo hapo. Basi nikaanza kutikisa fungu la nyaya, kipande kwa kipande, kuanzia kwenye throto. Nilipofika nyuma ya injini kijana akapaza sauti: "Imewaka! Imezima tena!"

Nikafungua tepu. Waya mmoja ulikuwa umelalia ncha ya kishikizo cha chuma, plastiki imelika upande mmoja, shaba inang'aa. Nikaukata, nikauunga kwa risasi, nikaufunika vizuri na kuufunga mbali na chuma. Taa ikawaka, mashine ikasoma, injini ikashika kwa funguo moja.

Boksi ya mtumba ina mambo yake pia: gari lenye ulinzi wa funguo haliwaki mpaka funguo zisajiliwe upya. Na hata mama angeifunga, ingezima papo hapo, kwa sababu waya ungekuwa uleule.