Barua za Herschel na Talbot

Jamani, wiki hii nimelala kwa shida kwa sababu ya barua za mwaka 1839. Barua za William Henry Fox Talbot, Mwingereza mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, ziko mtandaoni bure, na humo anajitokeza sana rafiki yake, mwanaastronomia Sir John Herschel.

Talbot alikuwa anapata picha kwenye karatasi yenye chumvi ya fedha (kemikali inayogeuka nyeusi ikipigwa na mwanga), ila ukiipeleka mwangani inazidi kuwa nyeusi mpaka inapotea. Yeye aliituliza kwa chumvi ya mezani. Herschel akakumbuka kitu alichogundua mwenyewe mwaka 1819: kemikali iitwayo haiposulfaiti ya soda huyeyusha chumvi za fedha, kwa hiyo ingeweza kuondoa ile ambayo bado haijageuka nyeusi. Basi tarehe 29 Januari 1839, kwake Slough, Uingereza, akafunika nusu ya karatasi kwa kadibodi, nusu akaiacha ipigwe na jua. Akaipangusa kwa ile dawa, akaisuuza vizuri kwa maji safi, akaikausha, akairudisha juani. Upande mweusi ukabaki mweusi, mweupe ukabaki mweupe!

Tarehe 1 Februari Talbot akaja kumtembelea, na Herschel hakumficha kitu. Akamruhusu hata kuitangaza, na Talbot akaipeleka habari Paris kwa barua kwa mwanasayansi Mfaransa, Biot. Mimi hapo nilisimama kusoma kwanza. Mtu ana siri ya thamani namna hiyo, anaitoa tu! Wapiga picha waliosafisha filamu gizani karne iliyofuata walikuwa bado wanatumia dawa hiyohiyo.

Someni wenyewe, hasa zile za Januari hadi Machi.