Ekari nne zilizoandikwa moja: nilivyopata mbolea yangu ya ruzuku

Ninalima mahindi kwenye ekari nne katika kaunti ya Trans Nzoia, Kenya, na kila ekari huhitaji mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia, kisha mwingine wa CAN, yaani mbolea ya kukuzia, mahindi yakifika magotini. Mwaka 2022, mfuko ulipokuwa ukiuzwa takriban shilingi 6,500, nilitia mbolea ekari mbili tu, na tofauti ya mavuno ilionekana hata kutoka barabarani. Serikali ilishusha bei hadi shilingi 3,500 mwezi wa Septemba mwaka huo, na mwaka uliofuata hadi 2,500. Kwangu mimi, hiyo ndiyo tofauti kati ya kulima shamba lote na kulima nusu yake.

Nilijisajili kupata mbolea hiyo ya ruzuku katika ofisi ya naibu wa chifu, ambapo mwandikishaji aliniuliza nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, ukubwa wa shamba na zao ninalolima, akawa anayaingiza kwenye simu yake nami sikuomba kusoma alichoandika. Machi 2025 nilipokea ujumbe ulioniruhusu kununua mfuko mmoja wa mbolea ya kupandia, kana kwamba ninalima ekari moja tu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukimbilia bohari inakouzwa mbolea hiyo. Nililipa nauli na kupanga foleni tangu alfajiri, kisha karani akanieleza kwa upole kwamba yeye hutoa kile ambacho mtambo unaonyesha na hana uwezo wa kubadilisha chochote. Jirani mmoja alinishauri ninunue mitatu iliyobaki dukani, lakini nilikataa, kwa sababu rekodi yenye kosa ingenifuata msimu baada ya msimu.

Kesho yake nilirudi kwa naibu wa chifu nikiwa na nakala ya kitambulisho na makubaliano ya shamba. Aliniandikia barua kwa afisa wa kilimo wa wadi, ambaye alikuja mwenyewe, akatembea mipaka yote minne akihesabu hatua, na kunithibitishia kwamba zilikuwa ekari nne kasoro kidogo. Nilimuuliza kama nichukue kwanza ule mfuko mmoja. "Subiri, mama," akasema, "tusije tukachanganya hesabu."

Kusubiri huko kuliniumiza kuliko foleni yoyote, kwa maana mvua ilianza siku ya saba, na kila asubuhi niliwaona wenzangu wakipanda huku ng'ombe wangu wa kulimia wakisimama bure. Siku ya tisa ujumbe mpya uliingia: mifuko minne. Nililipa shilingi 10,000 kwa simu na kuungana na majirani watano kukodi pikapu, tukagawana gharama kwa idadi ya mifuko, maana kumlipa mtu wa bodaboda kwa kila mfuko kungemeza sehemu kubwa ya nafuu yenyewe.

Kabla ya kuondoka bohari nilihesabu mifuko, nikakagua mishono na kuhifadhi risiti pamoja na ujumbe wa malipo. Nilimwomba pia afisa anionyeshe rekodi yangu kwenye simu yake, nikasoma mwenyewe jina, kitambulisho, laini na ukubwa wa shamba, tarakimu kwa tarakimu. Zamu ya CAN ilipofika mwezi wa Mei, ujumbe ulikuja na mifuko minne bila mimi kwenda ofisi yoyote.